Hedifoni inachoma masikio, miksi inatoka butu: nifungue, niuze, au nifanyeje?

"Shikamoo fundi. Ninarekodi kaswida za madrasa yetu hapa Tanga, chumbani kwangu, kwa kompyuta na maikrofoni moja. Hedifoni yangu ni Superlux HD681, ile yenye duara jekundu. Niliichukua kwa sababu bei yake niliiweza. Herufi s na sh zinachoma masikio, besi inavuma, na baada ya saa moja masikio yanalowa jasho. La ajabu, nikimaliza kumiksi na kuwatumia wenzangu, wananiambia kwenye gari sauti imefifia kama mtu anaimba nyuma ya pazia, na dufu halina uzito. Nimeona watu wanafungua hedifoni na kutia pamba ndani. Na mimi nifanye hivyo, au niiuze niongeze hela ninunue nyingine?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiiuze bado, na bisibisi iache kwenye droo kwa wiki hii. Hedifoni uliyonayo inatengenezeka, tena kwa hela ndogo sana. Ila kazi kubwa haiko ndani ya kikombe cha hedifoni. Kazi ni kujua inakudanganya wapi na kwa kiasi gani.

Tuanze na maneno ya wenzako, maana ndiyo yaliyonionyesha ugonjwa. Wewe unasikia s inachoma, basi unakwenda kwenye ikwalaiza ya programu unayorekodia na kupunguza trebo, yaani sauti nyembamba kali za juu, hadi masikio yatulie. Unasikia besi inavuma, nayo unaikata. Kaswida sasa imekaa sawa, lakini imekaa sawa kwenye hedifoni yako peke yake. Ikifika kwenye gari ambalo spika zake hazina trebo ya ziada wala besi ya ziada, pengo ulilokata linabaki wazi: herufi hazina makali, dufu limebaki ngozi tupu. Lile pazia wanalolisema umeliweka wewe, kwa kuiamini hedifoni. Kwa hiyo lalamiko lako na lalamiko lao ni tatizo moja. Tukiiweka sawa hedifoni, utaacha kukata kisichostahili kukatwa, na miksi zitafunguka zenyewe bila kununua chochote kipya.

HD681 naifahamu vizuri, imepita mikononi mwangu mara nyingi. Ina spika ya milimita 50 kila upande, ukinzani wa omu 32, na ni ya nusu wazi, yaani nyuma ya kikombe pana matundu yanayopitisha hewa. Ndiyo sababu sauti yake haikubani kichwani kama zile zilizozibwa kabisa. Umbo lake, pamoja na ule utepe unaojirekebisha wenyewe juu ya kichwa, unafuata mtindo wa AKG K240 ya Vienna, hedifoni iliyozoeleka studio kwa miongo mingi. Kwa bei yake ni kifaa cha maana. Sauti za waimbaji zinatengana, na unasikia nani amesimama karibu na maikrofoni na nani yuko mbali. Kasoro zake mbili kubwa ndizo hizo ulizozitaja. Pana kilele kikali cha trebo karibu na hezi (mitetemo kwa sekunde) 8,000 hadi 9,000, na pana uvimbe wa besi jirani na hezi 100, huku besi ya chini kabisa ikishuka.

Herufi s haina noti. Ni upepo unaopenya kwenye meno, na nguvu yake kubwa iko kati ya hezi 5,000 na 9,000. Kilele cha hedifoni yako kimeangukia palepale. Kaswida nayo ina swala na salamu kila mstari, kwa hiyo kila mstari unachomwa. Ungekuwa unarekodi gitaa la besi pengine usingeigundua kasoro hii kwa mwaka mzima. Uvimbe wa besi nao umekaa mahali ambapo sauti nzito za wanaume zinakutana na pigo la katikati la dufu, kwa hiyo vyote viwili vinapakana matope.

Sasa kabla hujagusa kitu, pima. Usiku nyumba ikitulia, pakua programu yoyote ya bure inayotoa mlio mmoja wa masafa unayoyachagua. Zipo nyingi za simu. Weka sauti chini, chini kuliko unavyodhani inafaa, kwa sababu mlio mkali wa trebo unaweza kuumiza sikio kabla hujaona kwamba ni mkubwa. Anza hezi 1,000, panda polepole. Utasikia mlio unapanda na kushuka kwa nguvu hata kama hujagusa kitufe cha sauti. Utafika mahali utakaza uso bila kutaka. Andika namba. Endelea hadi 12,000, kisha rudi nyuma, uone kama unakikuta kilele kilekile.

Hapo sasa fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: mlio ukiwa palepale kwenye kilele, sogeza vikombe mbele kidogo, upana wa kidole kimoja, kisha nyuma, kisha juu. Kwenye kichwa changu kilele kilikuwa kinahama mamia ya hezi kwa kusogeza tu. Sababu yake ni kipimo. Wimbi la hezi 8,000 lina urefu wa sentimita nne na ushei, ukubwa unaokaribiana na sikio lako na nafasi iliyo ndani ya mto laini unaozunguka sikio. Linagonga ukuta wa mto, linarudi, linakutana na lenzake. Kwa hiyo kilele hicho si mali ya spika peke yake. Ni mali ya spika, mto, na sikio lako wewe. Ndiyo maana dawa ya mtu mwingine inaweza isikufae, na ndiyo maana nakusisitiza uandike namba zako mwenyewe.

Rudi chini sasa, hezi 40 hadi 200, polepole. Hapa hutafuti kilele tu, unatafuta mkwaruzo. Ukisikia kitu kama nyuki anavuma ndani ya kikombe kwenye mlio fulani na si mwingine, mara nyingi ni unywele umepenya umegusa utando wa spika. Nimeletewa hedifoni za watu waliokwisha kukata tamaa, wakidhani spika imekufa, kumbe ni unywele mmoja. Unautoa kwa brashi laini ya kupakia rangi, ukiivuta pembeni, bila kukandamiza.

Jaribio la tatu ni la mizani. Cheza sauti ya mtu mmoja akisoma, iliyorekodiwa katikati. Je, imesimama katikati ya paji la uso? Ikiegemea kushoto, geuza hedifoni, kikombe cha kulia kiende kushoto. Sauti ikihamia kulia, hedifoni au kadi ya sauti inayoilisha ndiyo haina usawa. Ikibaki kushoto, ni sikio lako, na hakuna pamba itakayotibu hilo. Nimeona vijana wanafungua kikombe kizima kwa tatizo ambalo lingekwisha kwa kusafishwa sikio zahanati.

Jaribio la mwisho ni la mkono. Wimbo wenye besi ukiwa unacheza, kandamiza vikombe viwili kwa viganja, taratibu. Besi ikiongezeka sana, mito yako haizibi vizuri na hewa inavuja. Besi ndiyo ya kwanza kukimbia pakiwa na upenyo. Mkono wa miwani ukipita chini ya mto unatosha kuiharibu, na nywele nene zilizosukwa pembeni hali kadhalika. Hapa kwetu pana jambo ambalo maelekezo ya wenzetu wa mbali hayaligusi: dada anayesikiliza akiwa amevaa hijabu anasikia hedifoni nyingine kabisa. Kitambaa kati ya mto na sikio kinameza trebo na kuvujisha besi kwa wakati mmoja. Kama kwenye kikundi chenu yupo mwalimu wa kike anayekusaidia kuhukumu miksi, basi akisema trebo haitoshi na wewe ukisema imezidi, huenda nyote mnasema kweli. Asikilize kwa spika, au avae vikombe ndani ya mtandio mpana pale anapokuwa peke yake.

Ukimaliza hayo una karatasi yenye namba tatu nne. Sasa tutengeneze.

Hatua ya kwanza ni tishu. Najua inasikika kama mchezo, ila ndiyo iliyonipa matokeo mazuri kuliko zote kwenye hedifoni hii. Vua mto mmoja tu, wa kushoto. Umenyooshwa kwenye ukingo wa kikombe, unauvuta kwa vidole kama unavyovua foronya, kuanzia upande mmoja na kuzunguka. Chukua tishu ya kawaida yenye tabaka mbili, zitenganishe ubaki na moja. Kata duara linaloenea ndani ya mto, liweke mbele ya spika, juu ya kile kichujio cha plastiki, kisha rudisha mto ulishike. Upande wa kulia usiuguse.

Sasa vaa, cheza ile sauti ya mtu mmoja iliyorekodiwa katikati, funga macho. Mwili wa sauti utasimama katikati kama mwanzo. Lakini kila s ikifika, itaruka kuelekea kulia, kwenye upande usio na tishu, halafu sauti inarudi katikati. Ukiisikia mara moja hutaisahau. Huo mruko ndio kiasi cha kilele ulichokiondoa, na unakisikia bila kipimo chochote cha maabara. Ongeza tabaka la pili kushoto, sikiliza tena. Ukifika mahali ambapo upande wa kushoto peke yake unakutosheleza, yaani s inasikika kama s na si kama sindano, hesabu tabaka, weka idadi ileile kulia.

Kwenye nyingi nilizozishika, tabaka mbili hadi tatu zilitosha. Ukizidisha utajua kwa matoazi: yataacha kung'aa, yatasikika kama vifuniko vya sufuria vimefunikwa kitambaa. Hapo rudi nyuma tabaka moja. Na kila unapolinganisha, hakikisha nguvu ya sauti ni ileile. Sikio la binadamu hupendelea kilicho kikubwa kidogo, na tishu inapunguza sauti, kwa hiyo bila kusawazisha utajikuta unauchagua upande usiotibiwa ukidhani ni bora.

Tishu ina adui mmoja, unyevu. Kwa joto la pwani na jasho lako, baada ya wiki kadhaa italegea na kujikunja. Ukishajua unahitaji tabaka ngapi, tafuta kitambaa chepesi cha kudumu kinachofanya kazi sawa. Kipime kwa pumzi: kiweke mdomoni, puliza. Pumzi ipite kwa kusita kidogo, kama inavyosita kwenye tabaka zako za tishu. Leso ya zamani iliyofuliwa mara mia inaweza kufaa. Khanga mpya haifai, bado ina wanga na inaziba. Wakati wa kuhamia kwenye kitambaa rudia mchezo uleule, upande mmoja kwanza.

Hatua ya pili ni mito. Ile uliyonayo ni ya ngozi bandia, na hiyo ndiyo sababu ya jasho. Ngozi bandia ya namna hii pia haipendi hewa yetu ya bahari. Unyevu na joto huivunjavunja polepole mpaka inaanza kuacha magamba meusi shingoni. Mito ya mahameli ya saizi ya AKG K240 inaingia kwenye HD681, na inapatikana kwa kuagiza hata usipoiona dukani. Mahameli yanapumua. Yanavujisha besi kidogo, na kwenye hedifoni nyingine ningekuonya, lakini yako ina uvimbe wa besi, kwa hiyo uvujaji huo unaupunguza uvimbe bila wewe kufanya kitu. Kwa mtu wa Tanga anayekaa na hedifoni saa tatu mfululizo, mimi ningelipia mito hii kabla ya kulipia kitu kingine chochote.

Mto ukibadilika unene, umbali wa spika na sikio unabadilika, na kilele kinahama. Kwa hiyo ukiweka mito mipya, toa tishu zote, pima upya, uanze kuhesabu tabaka kutoka sifuri. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaweka mito, tishu, pamba na plasta siku moja, sauti inakuwa mbaya, hawajui cha kulaumu. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, na usikilize siku mbili tatu kabla ya kingine.

Kama vikombe vinagusa ncha ya sikio lako, kunja kipande cha kitambaa chembamba kama penseli, kichomeke chini ya mto upande wa nyuma ya sikio. Mto utainuka nyuma, spika itaelekea sikio kwa mshazari, kama spika mbili za studio zinavyokuelekea. Ni jambo dogo ila sauti inasogea mbele, inatoka katikati ya fuvu. Mimi siwezi tena kusikiliza bila hilo.

Sasa pamba uliyoiulizia. Kwenye hedifoni zilizozibwa, ambako sauti ya nyuma ya spika haina pa kutokea, pamba kidogo ndani ya kikombe inazuia mwangwi wa plastiki na inaweza kusaidia kweli. Yako ni ya nusu wazi, sauti ya nyuma inatoka kwenye matundu. Faida ya pamba ni ndogo, na ukishindilia spika inakosa pumzi na besi inabadilika kwa namna ambayo hutaitabiri. Ukiamua kujaribu, iwe pamba nyepesi iliyochanuliwa kama utando wa buibui, uzito sawa pande zote mbili. Sonara anaweza kukupimia. Na usiguse ile karatasi au kitambaa kidogo kilichobandikwa nyuma ya spika. Kipo hapo kwa makusudi, kinapima hewa inayopita, na kikichanika spika hizo mbili hazitalingana tena.

Watu pia wanaziba kwa plasta ya karatasi vitundu vilivyo kwenye kibao kinachobeba spika, kuzunguka chini ya mto. Vitundu hivyo vinaunganisha hewa ya mbele na ya nyuma, na kuviziba kunabadilisha besi, lakini kwa kiasi gani na kuelekea wapi kunategemea hedifoni na mito iliyovaa. Ukifika huko, ziba robo kwa robo, kwa plasta inayobanduka bila kuacha gundi.

Nakusihi usiwe na haraka ya kufungua kwa sababu nimelipa gharama ya haraka hiyo. Nilifungua kikombe cha hedifoni ya rafiki, spika imeangalia juu, bisibisi mkononi. Nyuma ya ule utando pana sumaku yenye nguvu. Ncha ya chuma ilipokaribia ilivutwa kabla sijakaza mkono, ikatoboa utando, tundu dogo kama la sindano. Utando huo ni mwembamba kuliko karatasi ya pipi na hauzibiki. Spika ile ilikwaruza mpaka nikamnunulia nyingine. Ukilazimika kufungua, funika uso wa spika kwa kifuniko cha plastiki kwanza, na skrubu ziweke kwenye kisahani mbali na hapo.

Baada ya mito na tishu, kitakachobaki ni cha ikwalaiza. Kwa nini sikukuanzishia huko, wakati ni bure? Kwa sababu ikwalaiza haiwezi kuziba hewa inayovuja, haiondoi unywele, haikaushi jasho, na kilele kinachohama ukisogea sentimita moja hakishikiki kwa kichujio kilichokaa mahali pamoja. Tishu inakwenda na hedifoni popote, hata ukiichomeka kwenye simu ya mtu. Lakini uvimbe mpana wa besi ikwalaiza inauweza vizuri kabisa. Kama kompyuta yako ni ya Windows, Equalizer APO ni ya bure na inafanya kazi kwa mfumo mzima. Weka kichujio kimoja kwenye hezi 110 hivi, upana wa wastani, punguza desibeli 3. Kingine kwenye namba ya kilele chako, punguza desibeli 2 au 3 kwa kilichobaki. Punguza tu, usiongeze. Ukiongeza bila kushusha nguvu ya jumla, sauti itapasuka kwenye mapigo makubwa.

Hapa pana mtego kwa anayerekodi. Programu nyingi za kurekodi zinazungumza na kadi ya sauti kwa njia ya ASIO, na njia hiyo inaipita Equalizer APO pembeni. Utadhani marekebisho yapo, kumbe hayapo. Ikiwa ndivyo kwako, weka ikwalaiza ya hedifoni mwishoni kabisa mwa mnyororo ndani ya programu yenyewe, na uizime kabla ya kutoa faili la mwisho. Ukisahau kuizima, utakuwa umewapelekea wenzako pazia lilelile kwa jina jipya. Andika karatasi, ibandike kwenye fremu ya kioo cha kompyuta.

Kwa simu ya Android ipo programu ya Wavelet, inayotumia marekebisho ya mradi wa AutoEq wa Jaakko Pasanen, ambamo maelfu ya hedifoni zimeingizwa, HD681 ikiwemo. Ni mahali pazuri pa kusikia hedifoni yako ikiwa imenyooshwa. Ila marekebisho yale yamefanywa kwa mito ya kiwandani bila tishu. Ukishabadilisha, hayakuhusu tena, tumia namba zako.

Utakutana pia na watu wanaosema hedifoni nzuri lazima mchoro wa nguvu yake kwenye kila masafa uwe mstari ulionyooka. Kuanzia miaka ya 2012 na 2013, watafiti wa kampuni ya Harman wakiongozwa na Sean Olive na Todd Welti waliwasikilizisha watu hedifoni na kuuliza wanapenda ipi. Kilichopendwa zaidi ni sauti inayofanana na spika nzuri ndani ya chumba kizuri, yenye besi iliyoinuka kiasi na mwinuko karibu na hezi 3,000, ambako tundu la sikio lenyewe hupaza sauti. Kwa hiyo usikate besi yote. Unaondoa uvimbe, unaacha uzito.

Wauzaji watakushawishi mambo mawili: amplifaya na waya wa bei mbaya. HD681 inatoa desibeli 98 kwa miliwati moja tu, na kwa omu 32 miliwati moja inahitaji volti 0.18. Simu yenye tundu la hedifoni inaifikisha bila jasho. Waya mpya unahitajika wa zamani ukikatika, basi. Na habari ya kuiacha icheze saa mia moja ili ifunguke, mimi siishauri. Kinacholainika ni mito, na kinachozoea ni masikio yako, nayo ndiyo hatari kwa mtu anayemiksi: ukizoea kilele, utaanza kukiona ni haki.

Dawa ya mazoea hayo ni kipimo cha nje. Kila kabla ya kumiksi, sikiliza dakika kumi kaswida au taarabu asilia iliyorekodiwa vizuri, yenye ala za kanuni, fidla na udi, ambayo umeshaisikia kwenye spika nyingi. Nyuzi za kanuni zinakuambia mara moja kama trebo imezidi. Zikigeuka kuwa vipande vya chupa, kuna kitu hakijakaa. Kwa besi tumia singeli. Mapigo yake yanakimbia mno, na besi iliyovimba inayaunganisha yote kuwa mngurumo mmoja. Ukiweza kuyahesabu, uvimbe umepungua. Kisha miksi yako ipeleke kwenye lile gari lililokushtaki, kaa ndani mwenyewe na kalamu.

Sikiliza kwa sauti ya wastani siku zote hizi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ukifika 90 kikomo kinashuka hadi saa 4. Anayemiksi jioni tatu kwa sauti kubwa ameshavuka.

Kuhusu kuuza: ningeuza kama spika moja inakwaruza hata baada ya kusafishwa, au pande mbili hazilingani na umethibitisha ni hedifoni. Zaidi ya hapo, ibaki ya kumiksia. Lakini ukipata hela ya ziada, tafuta hedifoni nyingine ya bei ndogo iliyozibwa kabisa, kwa ajili ya watoto wanapoimba mbele ya maikrofoni. Matundu ya nyuma ya HD681 yanavujisha sauti, na maikrofoni iliyo sentimita 20 kutoka mdomoni inaiokota. Pandisha sauti ya rekodi yako ya mwisho pale waimbaji wanapovuta pumzi, usikilize nyuma yao: ukisikia dufu dogo kwa mbali, kama linapigwa nyumba ya pili, limetoka kwenye hedifoni.